Nyumba ina nyota nne, mama amepungua kilo nne: nitajuaje kama anatunzwa vizuri?

*"Mama yetu ana miaka 79. Nilimleta hapa Texas kutoka Mombasa miaka sita iliyopita. Majuzi alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na hospitali ikampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee ili afanye mazoezi ya viungo. Mazoezi yamekwisha lakini bado hawezi kusimama peke yake, na mimi na mume wangu tunafanya kazi za zamu. Nyumba yenyewe ina nyota nne kwenye tovuti ya serikali. Sebule inang'aa, hakuna harufu mbaya, na wafanyakazi wanatupokea vizuri. Lakini mwezi uliopita mama alikuwa na kilo 61, sasa ana 57. Wanasema anakataa chakula, na kwamba wazee hupungua tu. Siku moja nilipita saa tatu usiku nikitoka kazini, nikamkuta amelowa na kengele haifikii. Siku hizi analala sana, na nimesikia kuna dawa mpya ya usiku ya kumtuliza. Kiingereza chake ni cha salamu tu. Kaka yangu aliye Mombasa anasema tumemtupa mama, nimrudishe nyumbani. Naogopa kulalamika wasije wakamtesa nikiwa sipo. Nitajuaje kama mahali hapa ni pazuri, na nifanye nini?"*

Dada yangu, pole kwa yote haya, na pole kwa mama. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama hao watu wanamtunza mama, na kama nyinyi mmemkosea kwa kumweka huko. Nitaanza na la pili kwa kuwa ni fupi. Hamjamtupa. Mtu aliyevunjika nyonga na asiyeweza kusimama anahitaji mikono miwili, pengine minne, kila anapotoka kitandani, mchana na usiku. Kumtafutia mikono hiyo ni sehemu ya kumtunza. Ninalokuomba ni usiache maneno ya aibu yakufanye uende kumwona kwa woga, au uamini upesi kila unachoambiwa ili moyo utulie. Katika miaka yangu ya uuguzi wa wazee nimeona familia nyingi nzuri zikikosa kuuliza maswali kwa sababu zilijiona hazina haki ya kuuliza. Unayo haki hiyo, tena ya kisheria.

Sasa hizo nyota. Zinatolewa na serikali ya Marekani kupitia Medicare, bima yake ya afya ya wazee, tangu mwaka 2008, nazo hupatikana kwenye tovuti ya Care Compare. Watu wengi huzisoma kama nyota za hoteli, na hapo ndipo wanapopotea. Nyota ya jumla hutengenezwa kwa vipande vitatu: ukaguzi wa afya unaofanywa na wakaguzi wa jimbo, idadi ya wafanyakazi wa uuguzi, na vipimo vya ubora. Hesabu huanza na ukaguzi, kisha vile viwili vingine huongeza au kupunguza nyota moja vikiwa juu kabisa au chini kabisa. Kwa hiyo nyumba yenye nyota tatu za ukaguzi na mbili tu za wafanyakazi inaweza kufika nne kwa sababu imepata tano kwenye vipimo vya ubora. Na sehemu kubwa ya vipimo hivyo hutokana na taarifa ambazo nyumba yenyewe imejaza kuhusu wakaazi wake. Isitoshe, nyota za ukaguzi hugawiwa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja: asilimia 10 zilizo bora hupata tano, asilimia 20 za mwisho hupata moja. Nyota nne za ukaguzi zinakwambia kwamba nyumba imewapita wengi wa majirani zake. Kama majirani wenyewe ni dhaifu, hujui bado kama nyumba hii ni nzuri.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa hiyo nyumba, uiache nyota ya jumla, uende moja kwa moja kwenye wafanyakazi. Takwimu hizo hutokana na malipo ya mishahara, na ni vigumu zaidi kuzipamba. Tazama saa za uuguzi kwa kila mkaazi kwa siku, kisha saa za Jumamosi na Jumapili, kisha ni wafanyakazi wangapi wanaoacha kazi kwa mwaka. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali na kutolewa mwaka 2001 ulikadiria kwamba chini ya takriban saa 4.1 kwa mkaazi kwa siku, ukijumlisha wauguzi na wasaidizi wao, madhara huanza kuonekana kwa wale wanaokaa muda mrefu. Nyumba nyingi hazifiki hapo. Ukiona alama nyekundu yenye kiganja cheupe, maana yake nyumba hiyo imewahi kukutwa na kosa linalohusu unyanyasaji au kudhulumu wakaazi. Hilo usilipite.

Halafu soma ripoti yenyewe ya ukaguzi. Inaitwa fomu CMS-2567, na nyumba inapaswa kuiweka mahali ambapo wakaazi na familia wanaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Kila kosa limepewa herufi kuanzia A hadi L. Kuanzia G kwenda juu, mtu alidhurika au alikuwa katika hatari kubwa, na J, K na L ni hatari ya papo hapo kwa maisha au afya. Nyumba isiyo na kosa hata moja ni nadra, kwa hiyo usishtuke kuona D chache. Shtuka ukiona kosa lilelile likirudi ukaguzi baada ya ukaguzi, hasa kuhusu vidonda, chakula, dawa au kuanguka.

Ninasisitiza mikono kwa sababu utunzaji wa mzee ni kazi ya dakika, na dakika haziongezeki. Fikiria zamu ya usiku yenye wakaazi 30 na wasaidizi wawili. Kila msaidizi ana watu 15. Kumgeuza mtu mmoja, kumbadilisha nepi, kumfuta na kumfunika vizuri ni kama dakika kumi ukifanya kwa heshima. Mzunguko mmoja basi ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu, bila kengele hata moja kulia katikati na bila yeyote kuanguka. Mzee aliyepangiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hawezi kugeuzwa kwa wakati hapo, hata kama msaidizi ni mtu mwema kuliko wote. Ndivyo ilivyo mezani pia. Kumlisha mzee anayemeza polepole ni nusu saa. Wakiwa watano katika chumba kimoja na msaidizi mmoja, wawili au watatu watakula chakula kilichopoa, au trei itaondolewa ikiwa nusu, na kwenye daftari itaandikwa kwamba amekataa. Baadhi ya wasaidizi hao ni ndugu zetu, Wakenya, Wakongo na Watanzania wanaofanya zamu mbili mfululizo. Usiwachukie. Uliza wako wangapi leo. Sheria inaitaka nyumba ibandike kila siku, mahali panapoonekana, idadi ya wauguzi na wasaidizi wa kila zamu. Karatasi hiyo ina habari nyingi kuliko sebule nzima.

Kuhusu sebule na harufu sitakaa sana. Harufu ya mkojo chumbani asubuhi wakati watu wanabadilishwa ni ya kawaida. Ikiwa imekaa korido nzima tangu asubuhi hadi jioni, ni ishara mbaya. Manukato makali kila kona nayo yanastahili kuulizwa.

Turudi kwa mama. Kilo nne kati ya 61 ni zaidi ya asilimia 6 katika mwezi mmoja. Wakaguzi wa serikali huhesabu asilimia 5 kwa mwezi, au 7.5 kwa miezi mitatu, kuwa upungufu mkubwa unaohitaji kuchunguzwa. Wazo la kwamba wazee hupungua tu si jibu. Uzee wenyewe haumpunguzi mtu kilo nne ndani ya wiki nne. Kuna kitu kinachompunguza: meno ya bandia yasiyokaa sawa, kinywa chenye vidonda, shida ya kumeza, maumivu, choo kigumu, huzuni, dawa, maambukizi, au chakula asichokijua.

Na hapa ndipo ninapotaka uitazame ile dawa ya usiku, kwa sababu mambo haya hufuatana. Mzee akipewa dawa ya kumtuliza, usingizi unaweza kumfuata hadi asubuhi. Kifungua kinywa kinampita. Saa sita anakula vijiko vitatu akisinzia, tena akila huku anasinzia kuna hatari ya chakula kuingia njia ya hewa. Maji hanywi kwa kuwa haamki kuyaomba. Mwili usiopata maji na protini hupoteza misuli, na misuli ya mapaja ndiyo aliyoihitaji ili asimame. Asiposimama, anakaa na kulala mahali pamoja. Mfupa wa makalio au kisigino unaibana nyama kati yake na godoro, mishipa midogo ya damu inafungwa, na nyama inaanza kufa kwa kukosa damu ndani ya saa chache. Ngozi ikiwa imelowa mkojo, inalainika na kuchanika upesi zaidi. Wiki moja baadaye kuna kidonda, kisha homa, kisha hospitali. Ndiyo maana nayachukua kwa pamoja uzito, usingizi na kulowa, ingawa wewe umeambiwa kila kimoja kivyake.

Sisemi kwamba haya yote yamempata mama. Nasema uangalie. Omba kuwepo anapoogeshwa au kubadilishwa, na uitazame ngozi ya sehemu ya chini ya mgongo, nyonga, vifundo na visigino. Hapa kuna jambo ambalo hata wauguzi wengine hulikosa: vitabu vingi husema dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, iliyo moto au baridi kuliko kwingine, ngumu au iliyolainika kama imejaa maji, au inayomuuma ukiigusa. Tumia mwanga wa dirisha au tochi ya simu. Ukiona hivyo, mwite muuguzi palepale, aandike kwenye faili ukiwa umesimama hapo. Tazama na kinywa. Ulimi mkavu uliopasuka unaonyesha maji hayatoshi au kinywa hakisafishwi, na yote mawili yanarekebishika leo.

Kuhusu dawa, uliza jina lake, kipimo, aliyeiandika, sababu iliyoandikwa, na nani alikubali. Kama ni ya jamii ya quetiapine, risperidone au haloperidol, yaani dawa za magonjwa ya akili, ujue kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kabisa, mwaka 2005 kwa dawa mpya za jamii hiyo na 2008 kwa zile za zamani, kwamba huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuna wagonjwa wachache wanaozihitaji kweli. Lakini kumpa mzee dawa ili awe rahisi kumhudumia ni kumfunga kamba isiyoonekana, na sheria ya mwaka 1987 inayosimamia nyumba hizi inakataza. Usiikatishe dawa wewe mwenyewe, wala usimwambie mama aiteme. Baadhi ya dawa zikikatwa ghafla huleta madhara mengine. Mwombe daktari aipitie wiki hii.

Sasa lile ambalo kwa mtazamo wangu ni kubwa kuliko nyota zote: mama amekataa chakula kwa lugha gani? Msaidizi akisema jambo kwa Kiingereza cha haraka huku ameshika trei, mama akatikisa kichwa kwa kuwa hakuelewa, basi amekataa. Maumivu hupimwa kwa kuuliza kati ya sifuri na kumi ni ngapi. Asiyeelewa swali hutabasamu kwa adabu, na muuguzi huandika sifuri. Mwanamke wa Pwani wa miaka 79 hatapiga kelele mbele ya wageni kwamba nyonga inamuuma. Nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, kumpatia mkalimani bila malipo, kwa simu au kwa video, na wakalimani wa Kiswahili wapo. Msaidizi anayezungumza Kiswahili ni neema kwa salamu, kumsihi ale, na kumwelewa akiomba choo. Kwa mambo ya dawa, idhini na uchunguzi, itisha mkalimani wa kazi hiyo, na usimtumie mwanao wa shule kutafsiri. Leta pia kadi kubwa zenye maneno ya Kiswahili na picha: maji, choo, naumwa, baridi. Wape orodha ya anachokula. Uji wa maziwa asubuhi, wali na samaki laini, chai ya maziwa iliyokolea, vyote vinaweza kuandikwa kwenye mpango wake wa matunzo, na unaruhusiwa kuleta chakula mradi uulize kwanza kama ana shida ya kumeza.

Kumkuta amelowa mara moja hakuthibitishi kitu. Hata mahali pazuri, mtu hulowa dakika tano baada ya kubadilishwa. Kengele kuwa mbali naye kunanisumbua zaidi, kwa kuwa hilo ni jambo la sekunde mbili na linaonyesha mazoea. Siku ukienda, ibonyeze uhesabu dakika. Na badilisha saa zako. Nenda kifungua kinywa cha Jumapili, nenda Jumamosi saa mbili usiku, nenda saa kumi na mbili asubuhi zamu zinapobadilishana. Familia ya karibu ina haki ya kumwona mkaazi wakati wowote anapotaka yeye mwenyewe. Kaa ndani ya chumba kimya kwa saa moja uone nani anapita, anamwitaje, na kama anapiga magoti kidogo kuongea naye au anaongea juu ya kichwa chake. Andika tarehe, saa, ulichokiona, na jina la uliyemwambia. Daftari hilo litakusaidia kuliko hasira.

Hofu yako ya kulipiziwa naielewa, na sitakuambia haijawahi kutokea popote. Sheria inakataza, na nyumba haiwezi kumtoa mama kwa sababu umelalamika. Lakini kwa niliyoyaona, mzee ambaye familia yake inafika, inauliza kwa upole na kuandika, hutazamwa zaidi. Anayesahaulika ni yule asiye na mtu. Anza na muuguzi wa zamu, halafu mkuu wa wauguzi. Wasipokusikia, kila jimbo lina ofisi ya Ombudsman wa wazee walio katika nyumba hizi. Kazi yake ni kumtetea mkaazi, hailipishwi, na haitaji jina lako wala la mama bila ridhaa. Namba yake inapaswa kubandikwa ukutani. Mbali na ofisi hiyo kuna idara ya jimbo inayofanya ukaguzi, ambayo hupokea malalamiko na inaweza kutuma wakaguzi bila taarifa. Texas pia ina sheria tangu 2001 inayoruhusu mkaazi kuweka kamera chumbani kwa kufuata fomu na ridhaa, ikiwemo ya anayelala naye chumba kimoja. Ni njia halali, ila kamera haimgeuzi mtu wala kumlisha. Mimi ningeanza na ziara za saa tofauti.

Abaki, ahame, au arudi? Kuhama kuna gharama yake: mzee anayehamishwa huchanganyikiwa, na wiki za kwanza mahali papya huwa na hatari ya kuanguka. Kama saa za wafanyakazi ni za kuridhisha, na mkuu wa wauguzi anakusikiliza na kuna kinachobadilika ndani ya wiki mbili, ningembakisha. Kama wanakujibu kwa tabasamu na uzito unaendelea kushuka, muhamishe bila kuona haya. Kumleta kwako nyumbani kunawezekana mkipata msaada wa saa nyingi kwa wiki na kitanda kinachopanda na kushuka. Bila hivyo utamwinua peke yako usiku na mtaanguka wote wawili.

Mombasa ina kitu ambacho hapa hakinunuliki: lugha yake, chakula chake, wajukuu wakiingia na kutoka. Usiudharau ushauri wa kaka. Ila mwulize maswali yaleyale unayoiuliza nyumba ya wazee. Nani atamwinua saa nane za usiku, na akiugua huyo, nani mwingine? Mtaalamu wa viungo atakuja mara ngapi, na nani atalipa? Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani, na mwenye ukaazi wa kudumu akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anaweza kuupoteza. Na zaidi ya yote, mwulizeni mama mwenyewe, kwa Kiswahili, asubuhi akiwa macho, anataka kuishi wapi. Katika barua yako yote sijaona anataka nini.

Kuna hali ambazo hazisubiri kikao. Mama akichanganyikiwa ghafla tofauti na jana, asiamke vizuri unapomwita, akipata homa, akipumua kwa shida au akipaliwa na chakula, akipitisha siku karibu nzima bila mkojo, akiwa na maumivu mapya makali ya nyonga au mguu unaoonekana kuwa mfupi au kugeuka, au akiwa na kidonda cheusi, chenye usaha au kinachonuka, dai apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Wakisitasita, piga 911, namba ya dharura, wewe mwenyewe ukiwa hapo kitandani. Kwa uzito na usingizi wake, hata bila dalili hizo, anahitaji kuonwa na daktari wiki hii, ana kwa ana. Barua yangu haiwezi kumpima.

Kesho omba kwa maandishi kikao cha mpango wa matunzo, ukitaja kwamba hali yake imebadilika sana. Neno hilo linawalazimu waangalie kama anapaswa kufanyiwa tathmini upya, bila kungoja ile ya kila miezi mitatu. Omba wawepo mkuu wa wauguzi, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa kumeza, na mkalimani kwa ajili ya mama, ambaye naye awepo. Mweke kaka kwenye simu asikie mwenyewe. Uliza apimwe uzito kila wiki, dawa ya usiku ipitiwe, ngozi ikaguliwe na iandikwe, maumivu yapimwe kwa Kiswahili, na mazoezi ya viungo yafikiriwe upya. Kwa kila jambo andika nani atalifanya na kufikia tarehe gani, kisha uombe nakala ya mpango huo kabla hujaondoka.